Daftari la Chemchemi: Namna ya Kufuatilia Maji ya Kijiji Kilicho Jirani na Mgodi wa Makaa ya Mawe

Siku tuliyokwenda kikaoni kulalamika kwamba chemchemi ya Mkuyuni imepungua, tulikuwa watu kumi na wawili, na kila aliyesimama alisema neno lile lile: zamani maji yalikuwa mengi. Mtaalamu wa mgodi, kijana mpole kabisa, akaniuliza, "Mama, mengi kiasi gani? Na mwezi gani?" Nikawatazama wazee, wazee wakanitazama mimi niliye katibu wa maji. Hatukuwa na namba hata moja. Yeye akafungua kompyuta yake, akatuonyesha kwamba mvua za msimu ule zilikuwa haba, na kikao kikaishia hapo. Swali lake lilikuwa la haki, ndiyo maana liliniuma.

Tangu hapo nina daftari. Ni kaunta buku la kawaida, lina madoa ya maji na jalada nimelishona kwa uzi wa nailoni. Haya ninayoandika ni kwa ajili ya katibu mwenzangu wa maji huku kusini mwa Tanzania, uwe Ileje au Kyela kwenye makaa ya Songwe na Kiwira, Ludewa karibu na Mchuchuma, au Mbinga upande wa Ngaka. Kazi hii haidai digrii. Inadai ndoo, saa, rula, na moyo wa kushuka bondeni hata asubuhi za kipupwe, Julai, vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Kwanza ujue kinachotokea chini

Wengi wetu tumewahi kufukua mchanga wa mto uliokauka ili tupate maji. Ukichota taratibu, kishimo kinabaki na maji. Ukichota mfululizo, hata mchanga wa pembeni unaanza kukauka, na mwenzako aliyechimba hatua tano kutoka kwako anakosa. Mgodi hufanya vivyo hivyo kwa ukubwa wake. Shimo likipita usawa wa maji ya ardhini, maji yanaingia, na hakuna uchimbaji bila kuyavuta kwa pampu usiku na mchana. Usawa wa maji unashuka kulizunguka shimo, na chemchemi iliyokuwa ikipata maji kutoka kwenye mwamba huohuo inapungua au inahama. Kama uchimbaji ni wa mahandaki, dari likiporomoka mwamba wa juu unapasuka, na maji yanapata njia mpya ya kushuka.

Jambo la pili ni ubora. Ndani ya makaa na kwenye mawe yanayoyazunguka mara nyingi kuna pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu. Yakiwa chini, mbali na hewa, hayana shida na mtu. Yakichimbuliwa na kumwagwa kwenye vifusi, hewa na mvua vinayabadilisha kuwa asidi na chuma kilichoyeyuka. Maji hayo yakifika kijitoni yanapakaza mawe rangi ya machungwa, kama kutu ya bati. Asidi nayo huyeyusha vingine vilivyomo maweni, hasa manganizi na alumini.

La tatu husahauliwa: mgodi ukifungwa na pampu zikazimwa, maji hupanda tena taratibu na kujaza mashimo, na huenda yakatokea upande mwingine kabisa yakiwa na chuma. Kwa hiyo daftari halifungwi siku mgodi unapofungwa.

Anza kabla katapila halijafika

Ukiweza, pima mwaka mzima kabla ya uchimbaji, masika na kiangazi. Miaka miwili ni bora zaidi. Sisi tulichelewa, na hilo halirudi. Kama nanyi mmechelewa, anzeni wiki hii; nusu ya historia ina faida kuliko kutokuwa nayo.

Kazi ya kwanza ni kutembea. Mzee mmoja wa ukoo wa bondeni kwetu alitutembeza siku mbili, fimbo mkononi, na kila tulipofika nilimwuliza, "Baba, hii imewahi kukauka?" Kwenye moja akasema haijawahi, hata mwaka wa njaa. Tulipofika nyingine, ndogo, iliyo upande wa juu wa migomba, akasimama akasema, "Hii hukauka kila Oktoba, mwanangu. Usije ukamsingizia mtu." Nimeliandika neno hilo ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sababu bila yeye ningeipeleka ile chemchemi kikaoni kama ushahidi.

Kwa kila chanzo andika jina ambalo watu wanaliita, mahali ilipo kwa namba za ramani ya simu, nani wanaitumia, inatoka kwenye mwamba gani (jiwe la mchanga, jiwe jeusi la volkano, tope la kinamasi), na kama hukauka, mwezi gani. Piga picha ukiwa umesimama mahali pamoja, kila mara. Mimi nasimama juu ya jiwe lenye alama ya rangi nyeupe.

Usipime vyote, utachoka na kuacha. Chagua vichache: chemchemi moja au mbili zilizo upande wa chini wa mgodi, kisima kimoja au viwili vya pampu, sehemu moja ya kijito juu ya mgodi na nyingine chini yake. Kisha chagua kimoja ambacho wengi hawakichagui, nacho ndicho kinachobeba kesi yote.

Chemchemi ya shahidi

Tafuta chemchemi iliyo mbali na mgodi, kwenye mgongo mwingine wa mlima au ng'ambo ya bonde, inayopata mvua ileile na kutoka kwenye mwamba wa aina ileile, lakini shimo la mgodi haliwezi kuifikia. Sisi tunaiita Shahidi. Kwenda na kurudi ni saa mbili kwa miguu, na kamati ilinung'unika: kwa nini tupoteze muda kupima maji yasiyo na tatizo?

Tazama mfano huu. Oktoba ya kwanza, Mkuyuni ilijaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 26, Shahidi kwa sekunde 31. Oktoba nyingine, baada ya mvua haba, Mkuyuni ikatumia sekunde 44 na Shahidi sekunde 33. Ukigawa, Mkuyuni imeshuka kutoka lita 0.77 kwa sekunde hadi 0.45, yaani imepoteza karibu asilimia 41. Shahidi imepoteza asilimia 6 tu. Mvua haba ilizigusa zote mbili, lakini haiwezi kuchukua asilimia 41 huku na 6 kule. Mtu akikuambia ni ukame, fungua ukurasa wa Shahidi, mwache asome mwenyewe.

Nayo hufanya kazi kwa pande zote. Mwaka mmoja Mkuyuni na Shahidi zilishuka pamoja, karibu sawa, na kijiji kilikuwa tayari kimekasirika. Nikasimama mkutanoni nikasema mwaka huu si mgodi. Haikunifurahisha kusema hivyo, lakini tangu siku ile hata watu wa mgodi wanalichukulia daftari letu kwa uzito.

Mvua usiiachie redio. Kituo cha hali ya hewa kipo mbali, na milima yetu hugawa mvua kwa upendeleo: Tukuyu inalowa na bonde la pili ni kavu. Nunua kipimamvua cha plastiki, au tumia kopo lenye pande zilizonyooka na rula. Likae juu ya nguzo, mahali pa wazi, mbali na paa na miti. Soma kila siku saa tatu asubuhi, andika milimita, mwaga. Kama hakuna mvua andika sifuri. Ukiacha wazi, baadaye hutajua kama hapakunyesha au ulisahau. Kumbuka pia kwamba maji ya ardhini hutembea polepole. Mvua zetu huanza Novemba na kukolea Januari hadi Machi, lakini chemchemi yenye mizizi mirefu inaweza kufikia kilele Aprili au Mei. Usilinganishe Mei ya mwaka huu na Oktoba ya mwaka jana. Linganisha Oktoba na Oktoba.

Ndoo na saa

Ndoo ya lita 20 si lita 20. Hili nalisema kwa sababu lilitugharimu. Ndoo tuliyoanza nayo ilikuwa iliyowekewa rangi ya ukuta, ilipopasuka tukachukua nyingine, na ghafla chemchemi ikaonekana imeongezeka. Sasa kila ndoo mpya tunaipima kwanza: chupa ya lita moja, mara ishirini, ndoo ikiwa juu ya ubao ulionyooka, kisha tunachora mstari ndani kwa ncha ya msumari. Hatujazi hadi ukingoni. Tunajaza hadi kwenye mstari.

Hakikisha maji yote yanapita kwenye bomba. Ziba pembeni kwa udongo wa mfinyanzi, subiri dakika kumi mtiririko utulie, ndipo uweke ndoo. Mmoja ashike ndoo, mwingine ashike saa ya simu. Pimeni mara tatu, mchukue wastani. Kipimo kimoja kikitofautiana sana na vingine, rudieni. Ndoo ikijaa chini ya sekunde kumi, haraka ya mkono inaleta kosa kubwa, tafuta pipa. Pimeni alfajiri, kabla foleni ya ndoo haijaanza, na mpime kwenye chanzo, si kwenye bomba la kijijini ambako tangi na valvu vinadanganya. Mara moja kwa wiki inatosha, siku ileile. Sisi ni Jumamosi.

Ukipata lita kwa sekunde, zidisha kwa 86,400 upate lita za siku nzima. Sera ya maji ya mwaka 2002 ilihesabu lita 25 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo unaweza kumwambia diwani ni watu wangapi wamepoteza maji yao, naye ataelewa haraka kuliko ukimtajia sekunde.

Kwa kijito ambacho ndoo haikiwezi, kata bati nene lenye pembe ya V ya nyuzi 90, kingo zake kali, ulisimamishe wima kuziba kijito, maji yamwagike kwa uhuru upande wa pili. Kina kipimwe nyuma kidogo, mahali maji yalipotulia, kuanzia usawa wa ncha ya chini ya V. Sentimita 5 ni kama lita 0.77 kwa sekunde, 7 ni kama 1.8, na 10 ni kama 4.4. Unaona jinsi namba inavyoruka: kina kikiongezeka maradufu, maji yanaongezeka zaidi ya mara tano. Rula yako isiwe imeinama.

Visima

Kisima kifupi au kirefu pima kwa tepu ndefu yenye uzito mwishoni. Sisi tumefunga kipande kifupi cha bomba la chuma, tundu likitazama chini. Kikigusa maji hulia "pwaa" na unasikia vizuri hata mita ishirini chini. Mjanja mwingine hupaka chaki mita ya mwisho ya tepu na kusoma palipolowa. Soma kila mara kutoka alama ileile kwenye mdomo wa kisima, uichonge kwa patasi, maana mtu akiongeza pete ya zege kipimo chote kinahama. Pima asubuhi kabla ya kuchota, kisima kikiwa kimepumzika usiku. Tepu ioshwe kwa maji yenye klorini kabla ya kuingia kwenye kisima cha watu.

Mgodi nao huwa na visima vyake vya kufuatilia maji. Ombeni kwa barua mtu wenu awepo siku ya kupima. Si kwa kushuku. Ni ili namba ziandikwe kwenye vitabu viwili.

Rangi ya machungwa si hukumu

Kwa ubora nunueni kipimo cha mkononi cha pH (namba ya uchachu wa maji; ikishuka, asidi imezidi) na cha upitishaji umeme. Hiki cha pili ndicho mlinzi bora wa bei nafuu. Maji yakibeba chumvi za madini, umeme unapita kwa urahisi zaidi, na namba inapanda hata kama maji ni meupe kama machozi. Yapo maji ya mgodi ambayo chokaa ya mwambani imeshayapunguzia asidi. pH yake ni nzuri, macho hayaoni kitu, lakini salfeti, chumvi itokanayo na salfa, imejaa. Kipimo cha umeme kitakuambia. Kabla ya kila safari kisahihishwe kwa maji yake maalumu ya chupa, na uandike kwamba umekisahihisha.

Maji ya kunywa kwa kawaida huwa na pH kati ya 6.5 na 8.5. Lakini usitishwe na namba moja. Chemchemi nyingine ina tabia yake tangu kuumbwa kwake, na huku kwetu kuna maji ya moto yenye chumvi nyingi ambayo hayajawahi kuona mgodi. Unachotafuta ni badiliko.

Asubuhi moja kijana alinijia mbio: "Shangazi, asidi imefika kijitoni!" Nikaenda. Kweli, kando ya kinamasi palikuwa na ute wa rangi ya machungwa na juu ya maji utando unaong'aa kama mafuta ya gari. Nikachukua kijiti, nikaugusa utando. Ukavunjika vipande vipande kama barafu nyembamba, na vipande havikurudiana. Mafuta yangeungana tena. Hao ni vijidudu vya kinamasi vinavyokula chuma, wapo tangu babu zetu. Tukapima: pH na umeme vilevile kama mwezi uliopita. Kungekuwa na pH iliyoshuka, umeme uliopanda, na mawe yamegandwa na tabaka gumu la machungwa kijito kizima kuanzia chini ya vifusi, ningeandika barua jioni hiyohiyo.

Mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi na mwisho wa masika, pelekeni sampuli maabara ya ubora wa maji. Sisi tunapeleka Mbeya. Ombeni salfeti, chuma, manganizi, alumini, tope, na naitreti. Naitreti kwa sababu baruti ya mgodini hutengenezwa kwa amoniamu naitreti, ingawa vyoo na mbolea ya mahindi navyo huleta, ndiyo maana Shahidi naye apimwe. Chupa ziombeni maabara kabla, msitumie za soda. Ya kemikali suuza mara tatu kwa maji yaleyale; ya vijidudu usisuuze wala usiguse mdomo wake. Kwa vyuma maabara inaweza kukupa chupa yenye asidi ndani. Hiyo nayo usiisuuze. Andika mahali, tarehe na saa kwenye chupa, weka kwenye boksi lenye barafu, panda gari la kwanza. Anayepokea aweke sahihi.

Usafi wa nyumba yako

Kabla ya kunyoosha kidole, tazama umbali wa mita 60 kuzunguka chanzo, ambao sheria ya mazingira ya mwaka 2004 na ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 zinaulinda. Kwetu kulikuwa na milingoti (mikaratusi) ya mwanakijiji hatua chache juu ya Mkuyuni, na milingoti hunywa. Tuliing'oa, tukaandika tarehe. Kila badiliko la binadamu liandikwe. Mwaka wa tatu tulikarabati chanzo, fundi akashusha bomba kwa shibiri moja, maji yakaongezeka, na mimi nikasahau kuandika. Miezi mitano ya namba zile siwezi kuitumia, na nikiitazama bado inanichoma.

Andika kwa penseli, kwa sababu wino hukimbia ukilowa. Kosa lisifutwe, kata mstari mmoja, andika namba iliyo sahihi pembeni. Kila mstari uwe na tarehe, saa, nani kapima, ndoo gani, na hali ya hewa. Ikiwa mgodi umelipua siku hiyo, andika saa.

Badiliko likionekana, rudia kipimo kesho yake, kisha keshokutwa, ukiwa na mjumbe wa serikali ya kijiji. Likithibitika, andika barua kwa bodi ya maji ya bonde (kwetu ni ya Ziwa Nyasa, ofisi yake iko Tukuyu), nakala kwa RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani, kwa NEMC (wasimamizi wa mazingira), na kwa mgodi wenyewe. Ambatanisha kurasa, si hasira. Omba kuona vibali vya kutumia maji na vya kumwaga majitaka, cheti cha tathmini ya mazingira, na vipimo vya mgodi vya miezi ileile.

Kila mwisho wa mwezi binti yangu anapiga picha kurasa zote na kuzituma kwenye simu tatu: yangu, ya mwenyekiti, na ya mwalimu wa sayansi wa sekondari ya kata. Jumamosi hii mimi ninakwenda kwa Shahidi, naye binti atashika saa Mkuyuni. Ndoo yenye mstari iko nyuma ya mlango.